Disemba nyumbani: unakataaje sahani bila kumuudhi shangazi?

Mchaga_wa_Tabata
Wadau salaam, naombeni mawazo kabla sijapanda basi. Kila Disemba tunapanda kijijini Marangu, Kilimanjaro, tarehe 22 mpaka baada ya mwaka mpya, na kila mwaka narudi Dar suruali hazifungi. Mwaka jana nilipima kabla na baada, kilo 4 na ushee kwa siku 12! Sio kwamba mi mlafi kiivyo, tatizo ni ule mzunguko: asubuhi mtori, saa nne umeenda kusalimia kwa baba mkubwa unakuta machalari yanakusubiri, ukitoka hapo kwa shangazi mbuzi ameshaangushwa, jioni pombe ya mbege, na kote huko ukisema nimeshiba unaulizwa "kwani huko mjini mnakula nini siku hizi" au unaambiwa mkeo ndo kakukataza. Halafu huku Dar angalau natembea toka kituoni mpaka kazini, kule ni kiti cha plastiki chini ya migomba toka saa tano mpaka giza linaingia. Nina miaka 43 na presha imeanza kunichungulia. Dayati sitaki, sikukuu ni sikukuu, nataka tu nisirudi kama mwaka jana. Nyie mnafanyaje?

Kata_Nusu
Pole mangi 😂 kosa lako unamaliza. Kwetu kata ya mbege ikiwa tupu ndo inajazwa, na sahani hivyo hivyo. Mi kata yangu naishika hata nusu saa, naonja, naongea, naonja, hakuna anayehesabu umekunywa ngapi wanachoangalia ni kama mkono hauna kitu. Na chakula, ukifika nyumba ya tatu wahi kusema kabla hujapakuliwa: shangazi mi leo nina hamu na supu yako ya mifupa na ndizi mbili tu. Ukiomba umempa heshima, ukikataa umemtukana, na tumbo ni lile lile.
Kuhusu kukaa, asubuhi kabla wageni hawajaanza chukua panga na kamba uende na vijana kukata majani ya ng'ombe. Jitwishe mzigo wako upande nao kile kilima mpaka bandani, utanitafuta.

Bi_Chumbageni
Sisi huku Tanga yetu ni Idi lakini shida ile ile mwanangu. Kutoka kuswali tu tambi, kaimati, mchana pilau, na kila nyumba juisi ina sukari mpaka meno yanauma. Ila sinia lina siri yake, mnakula watu watano mkono kwa mkono, wewe unachezea wali wa upande wako, unamsogezea mtoto mnofu, mkiinuka wote mmekula na hakuna ajuaye nani kala kiasi gani. Sahani ya peke yako ndio inayokuumbua. Na wajukuu wakienda kuomba mkono wa Idi mi nawafuata kwa miguu nyumba hadi nyumba, siku hizi watu mtaa wa pili tu wanaita bajaji, sijui haraka ya wapi

Ada_Januari
Kula mzee. Januari ipo, ada ya shule haijawahi kumwacha mtu na kitambi.

Nesi_wa_zamu
Ada_Januari umenichekesha ila mi naongea kama mtu anayewapokea tarehe 27 🙄. Mkuu, usishinde njaa asubuhi eti unaacha nafasi ya mbuzi, ukifika pale utakula kama umetoka jela, na tumbo linachukua kama dakika 20 mpaka likwambie limeshiba, kwahiyo kula taratibu. Nyama yenyewe sio adui mkubwa kama kile kichuguu cha chumvi pembeni ya nyama choma, kwa mwenye presha hicho ndo kibaya, tumia ndimu na pilipili. Soda chupa moja ya mililita 350 ni kama vijiko 9 vya chai vya sukari, na wewe kila nyumba unafunguliwa moja, hesabu mwenyewe. Mazoezi, Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, kutembea kwa haraka kunatosha, na kwenye milima yenu hiyo hata kwenda dukani ni mazoezi. La mwisho na hili sio utani, kama kuna mzee anatumia dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide asinywe pombe tumbo tupu, sukari inaweza kushuka ghafla na watu wakadhani kalewa tu.

Mchaga_wa_Tabata
Nimerudi jana. Kilo 1 na nusu, mke wangu hakuamini kapima mizani kwanza kwa gunia la mchele 😂 Majani ya ng'ombe nimekata siku mbili, ya tatu mgongo ukagoma, nikahamia kutembea toka Marangu Mtoni mpaka getini kule wanakoanzia wapanda mlima, kilomita kama 5 na yote ni kupanda, watoto wa mdogo wangu wananiacha wananingoja juu wakinicheka. Kata nusu imefanya kazi vizuri mno. Ya mifupa imefanya kazi mpaka tarehe 28, shangazi akaja na sahani imejaa mpaka juu akaniwekea mapajani akasema, "Nimeuliza kwa baba yako mkubwa, kumbe na kule umeomba mifupa. Umekuwa mbwa?" Hiyo nililamba yote.