Mama ana Alzheimer: je, watoto tumeurithi?

Kitindamimba: Ndugu zangu, mama yetu alianza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 74, na siku hizi huniita kwa jina la marehemu dada yake. Daktari ametueleza kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Dada yangu mkubwa amesoma kwamba ugonjwa huu umo katika jeni, naye anataka watoto wote tukapimwe damu. Je, kipimo hicho kitatufaa?

Mwalimu wa Baiolojia: Poleni sana. Umri ambao mama alianza kuugua unaeleza mengi. Ipo Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja, itokanayo na kasoro katika jeni za APP, PSEN1 au PSEN2, ambapo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata kasoro hiyo. Lakini aina hiyo ni adimu mno, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Kwa wanaougua uzeeni, jeni inayotajwa zaidi ni APOE, ambayo umbo lake liitwalo e4 huongeza hatari tu: wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa.

Msomaji wa Tiba: Hata kasoro ile kali inaweza kuzuiliwa. Katika jimbo la Antioquia, Kolombia, upo ukoo mkubwa wenye kasoro ya PSEN1, ambao watu wake huanza kusahau wakiwa katika miaka ya arobaini. Mwaka 2019 watafiti walieleza habari za mwanamke wa ukoo huo aliyebeba kasoro hiyohiyo, lakini dalili zikamchelewa hadi miaka ya sabini. Picha za ubongo wake zilionyesha amiloidi, protini inayoganda nje ya seli za neva, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilhali tau, inayojisokota ndani ya seli na kuandamana zaidi na upotevu wa kumbukumbu, ilikuwa kidogo. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la APOE liitwalo Christchurch.

Bi Mkunga: Dada asikimbilie maabara. Makadirio mengi ya hatari ya e4 yametokana na watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano wake na ugonjwa huu ulionekana kuwa hafifu. Fedha hizo zitumieni kwanza kupima shinikizo la damu na sukari, ambavyo navyo huongeza hatari na vinadhibitika, kisha zitakazobaki mtafutieni mama msaidizi wa mchana.