Tuvalu HAWAJAWAHI kufungwa 46! Mnawacheka wasio na kosa, mwenye kosa ni FIFA kule Zurich

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa vichekesho vya soka. Huku hakuna kichekesho, kuna povu, na nimelileta kwa ndoo.

Jana baada ya isha tumekaa barazani kama kawaida, watu sita, kahawa na kashata. Kijana mmoja jirani yangu kainamia simu anacheka peke yake. Nikamwambia lete tuone wote. Kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona, picha unaiona vipande vipande, lakini maneno nikayasoma vizuri. Ukurasa mmoja mkubwa wa michezo (siutaji, nusu yenu humu mmeufuata) umeweka kipa amekaa chini wavuni mikono kichwani, juu wameandika: "Vanuatu 46, Tuvalu 0. Hawa jamaa wa visiwani warudi wakavue samaki."

Jamaa wa visiwani. Barazani kwetu Unguja. Na watu wakacheka! Mie kahawa ilinishinda, nikamwachia mwenye birika lake nikaondoka.

Sasa tuanze na uongo wenyewe. Tuvalu hawajafungwa 46 na mtu yeyote tangu Mungu aumbe mpira. Waliofungwa 46 na Vanuatu ni Micronesia, Julai 2015, kwenye Michezo ya Pasifiki kule Port Moresby, na ile ilikuwa timu ya vijana wa chini ya miaka 23. Siku chache kabla walishakula 30 za Tahiti na 38 za Fiji. Jumla 114 kwa mechi tatu, na Jean Kaltak wa Vanuatu peke yake alitupia 16 siku ya mwisho. Haya, ni kapu la magoli, sikatai. Lakini ni nchi nyingine! Micronesia iko kaskazini ya ikweta, Tuvalu iko kusini, katikati kuna bahari ambayo ukiimwaga huku Afrika Mashariki yote inazama. Ni sawa na kuandika Burundi kafungwa wakati aliyefungwa ni Somalia, halafu ukasema si wote wako huko huko.

Kipigo kikubwa cha Tuvalu kwenye kumbukumbu ni 18-0 kutoka kwa Tahiti, mwaka 1979, Michezo ya Pasifiki ya Kusini iliyochezwa Fiji. Tena someni mwaka vizuri. Nchi yenyewe ilipata uhuru Oktoba 1978. Bendera haijapauka jua wameshapeleka timu! Na kwenye mashindano hayo hayo wakamfunga Tonga 5-3. Hilo la 5-3 mmewahi kuliona kwenye ukurasa wowote? Thubutu.

Wengine humu mtauliza Tuvalu ni wapi. Ni visiwa tisa katikati ya bahari ya Pasifiki, watu kama 11,000. Uwanja wa Mkapa wanaingia 60,000, maana yake taifa zima unaliweka mara tano na viti vinabaki. Kisiwa kikuu, Funafuti, ni utepe wa matumbawe: upande huu bahari kuu inapiga, upande ule maji ya ndani yametulia, na kuna mahali ukirusha jiwe kwa mkono linavuka nchi. Ardhi tambarare ya maana waliyonayo ni moja, na Wamarekani waliifanya njia ya kurukia ndege mwaka 1943 walipokuwa wakipigana na Wajapani. Ipo hadi leo. Ndege zinatua mara chache kwa wiki. Zikikaribia kinalia king'ora, watu, mbwa na pikipiki wanatoka, ndege inashuka. Ikishaondoka, jua linapoanza kupoa, watoto na watu wazima wanarudi na mipira, wengine voliboli, wengine raga, wengine soka, kila kundi na kipande chake cha lami.

Lami, wakuu. Jaribu kumwambia beki wako ateleze kwenye lami aone goti litakavyokuwa.

Uwanja wa mpira wanao, mmoja, unaochukua watu kama 1,500, na ligi nzima inachezwa hapo. Shida ni kwamba chini ni matumbawe na nyasi hazishiki. Anayeijua Nungwi au Makunduchi ananielewa: ile ardhi ya mawe ambayo ukipanda muhogo lazima kwanza utafute pa kuchimba. Klabu zao karibu kila moja ina kisiwa chake nyuma. Nauti ni ya wenyeji wa Funafuti na ndiyo imebeba makombe mengi, Tofaga ni ya Vaitupu, Lakena United ni ya Nanumea. Derby ya ukoo kwa ukoo. Na kabla ya mpira huu wetu walikuwa na wa kwao, te ano, unaochezwa na mipira miwili kwa wakati mmoja, imesukwa kwa majani makavu ya mkadi. Mkadi huu huu tunaoujua sisi. (Hili nimeliweka kwa sababu limenifurahisha tu, turudi kwenye hasira.)

Mwaka 2007, Apia, Samoa. Michezo ya Pasifiki ya Kusini ilihesabiwa kuwa hatua ya kufuzu Kombe la Dunia 2010, na Tuvalu wakawamo, nchi ya kwanza isiyo mwanachama wa FIFA kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza Fiji wakawapiga 16. Hapo ndipo wachekaji wanapofunga daftari. Fungueni ukurasa unaofuata basi! Siku mbili baadaye New Caledonia waliwafunga 1-0 tu. Tarehe 29 Agosti wakatoka 1-1 na Tahiti, wale wale wa 18-0, na goli la Tuvalu likafungwa na Viliamu Sekifu. Kutoka kumi na sita hadi sare ndani ya siku nne. Nani kati yenu timu yake imewahi kujirekebisha hivyo ndani ya siku nne? Mie yangu haijajirekebisha kwa misimu minne.

Halafu 2011. Wakaja kusaidiwa na Foppe de Haan, Mholanzi mwenye jina lake, aliyefundisha klabu ya Heerenveen miaka na miaka na kuipa Uholanzi ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21 mara mbili mfululizo, 2006 na 2007. Mtu wa hadhi hiyo kapanda ndege kwenda kufundisha watu wanaocheza kwenye lami ya ndege. Septemba mwaka huo, Michezo ya Pasifiki, New Caledonia: Tuvalu 4, Samoa ya Marekani 0.

Hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu hapa ndipo damu inaponichemka.

Samoa ya Marekani ni mwanachama wa FIFA tangu 1998. Ndio wale wa 31-0 kutoka kwa Australia, Aprili 2001, Archie Thompson akafunga 13 peke yake. (Hata hiyo mnaicheka bila kujua. FIFA walidai kila mchezaji awe na pasipoti ya Marekani, kikosi cha kawaida kikafutika akabaki kipa Nicky Salapu, wakajaza watoto, wengine wa miaka 15. Na siku mbili kabla Australia hao hao walishampiga Tonga 22.) Sasa Samoa ya Marekani si nchi. Ni eneo la Marekani, haina kiti Umoja wa Mataifa. Tuvalu ni nchi kamili, ina kiti chake New York tangu mwaka 2000. Mwenye nchi yuko nje, asiye na nchi yuko ndani, na uwanjani wa nje kampiga wa ndani 4-0!

Haikupita hata miezi mitatu. Novemba 2011 Samoa ya Marekani wakamfunga Tonga 2-1, ushindi wao wa kwanza unaotambuliwa na FIFA, na dunia nzima ikalia machozi ya furaha. Na mie nililia, sina kinyongo nao, Salapu alistahili ile siku kuliko mchezaji yeyote ninayemjua. Lakini zile nne za Tuvalu mwezi wa tisa hazikupandisha mtu hata nafasi moja kwenye viwango vya FIFA. Huwezi kupanda ngazi uliyokatazwa kuikanyaga.

Kwa nini wako nje? Tangu miaka ya 1980 wanabisha hodi, na majibu yanayofika ni yale yale: hamna uwanja wa kiwango, hamna mahali pa mazoezi, hamna hoteli za kutosha wageni. Sawa. Na pesa ya kujengea uwanja inatoka wapi? Kwenye mfuko wa maendeleo wa FIFA, ambao kati ya 2023 na 2026 kila chama mwanachama kinaweza kuchota hadi dola milioni 8. Mwanachama! Yaani unaambiwa njoo umevaa ndipo upewe nguo. Uende uchi unafukuzwa mlangoni, na duka la nguo liko ndani ya nyumba ile ile.

Msiniambie ni udogo. Montserrat ina watu hawafiki hata nusu ya Tuvalu, ni eneo la Uingereza, mji mkuu wake ulifunikwa na majivu ya volkano, na ni mwanachama. Anguilla mwanachama. Visiwa vya Cook wanachama. FIFA ina wanachama 211, Umoja wa Mataifa 193, na bado Tuvalu, Kiribati, Nauru, Palau, Micronesia na Visiwa vya Marshall wote wako barazani nje. Tuvalu walichopewa ni uanachama mshiriki wa shirikisho la Oceania, tangu 2006.

Ikabidi watafute pengine. Mwaka 2018 walikwenda London kwenye kombe la CONIFA, kombe la wale ambao FIFA hawataki kuwaona. Na unajua walipataje nafasi? Nafasi ilikuwa ya Kiribati, Kiribati wakakosa fedha za safari, ikabidi waachie. Masikini kamrithi masikini. Kundi moja na Matabeleland ya kule Zimbabwe, wengine waliosafiri kwa michango.

Sasa nirudi barazani kwetu, maana hasira yangu khasa ni hii. Wewe Mzanzibari unacheka nini? CAF walitupokea Machi 2017 Addis Ababa, tukachinja, tukapiga honi mjini. Julai mwaka huo huo, Rabat, wakatuvua kama kanzu ya kuazima. Desemba, bila uanachama wa mtu, Zanzibar Heroes wakafika fainali ya CECAFA pale Machakos, wakamlazimisha mwenyeji Kenya 2-2 hadi penalti. Na 2006 tulikuwa Hamburg kwenye kombe la wasiotambuliwa, tukacheza fainali na Kupro ya Kaskazini, penalti vile vile. Sisi tunajua vizuri ubaridi wa ile baraza ya nje. Najua kesi si moja: sisi tuko ndani ya Muungano, TFF ndiyo yenye kadi, na hiyo ni mada ya uzi mwingine wenye matusi mengi kuliko huu. Tuvalu hawana hata kisingizio cha Muungano. Ni dola huru, na bado jibu ni lile lile.

Na muda wenyewe hawana. Sehemu ya juu kabisa ya nchi yao haifiki mita 5 kutoka usawa wa bahari, bamvua kubwa likija maji yanatokea chini ya ardhi katikati ya kisiwa. Tangu mkataba wao na Australia uanze kutumika 2024, watu hadi 280 kwa mwaka wanaruhusiwa kuhamia huko. Nani ataomba kwanza, mzee wa miaka 70 au winga wa miaka 21? Piga hesabu mwenyewe ya kikosi.

Ombi langu ni dogo. Aliyesambaza ile picha afute. Admin wa ule ukurasa, kama unapita humu, na najua unapita kwa sababu nusu ya unachoposti unakiiba humu, rekebisha. Karibuni, povu ruksa, ila usije na "mpira ni biashara mkuu" bila kujibu la Montserrat.

NYONGEZA saa 4 usiku: Kijana wa simu iliyopasuka kanipigia, anasema wamerekebisha. Nimekwenda kuangalia. Wamefuta 46 wameandika 31, wamefuta Vanuatu wameandika Australia. Tuvalu wameiacha.