Naomba ushauri: kuweka na kutoa nywele za pete ndogo kwenye nywele zenye dawa

Binti wa Njiro (Arusha)

Habari zenu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Mwezi Desemba dada yangu ana sendofu, nami ndiye mpambe wake. Ningependa siku hiyo niwe na nywele ndefu bila kushonewa wivingi wala kusuka rasta, kwa sababu rasta zimekwisha kunipunguzia nywele za pembeni, hasa juu ya masikio. Msusi mmoja wa hapa mjini amenishauri niweke nywele za kuongezea zinazobanwa kwa pete ndogo za chuma, zile ambazo hazihitaji gundi, uzi wala moto.

Nywele zangu zina dawa na zinafika mabegani. Kinachonitia hofu ni kwamba binamu yangu aliwekewa pete hizo katika saluni moja, na siku ya kuzitoa zikavutwa kwa mkono mpaka zikatoka pamoja na nywele zake mwenyewe, akabaki na sehemu wazi utosini. Naomba kueleweshwa kama nywele zenye dawa zinaweza kubeba pete hizo, pete inapaswa kukaaje, na hutolewaje bila madhara. Je, mdogo wangu anaweza kuniwekea nyumbani tukinunua vifaa?

Msusi wa Magomeni (Dar es Salaam)

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na kutoa, kwa sababu wateja wengi wanaokuja kwangu wakilia hawakuumizwa siku ya kuwekewa.

Pete ikibanwa kwa koleo hulala bapa, ikawa na nyuso mbili pana na kingo mbili nyembamba. Ili kuifungua, koleo hugeuzwa na kubana zile kingo mbili, si nyuso, mpaka pete irudi kuwa duara. Hapo nywele ya kuongezea huteleza ikatoka yenyewe, kisha pete nayo hushushwa taratibu hadi mwisho wa nywele zako. Pete inayokataa kushuka haijafunguka vizuri, kwa hiyo hubanwa tena upande ule ule mpaka ilegee, na kwa hali yoyote haivutwi. Asetoni haina kazi hapa, kwa kuwa hakuna gundi ya kuyeyusha. Ukiona msusi anaifungua chupa yake mbele yako, muulize anataka kuyeyusha nini.

Pete zote zikiisha kutoka, utaona nywele nyingi zimebaki mkononi. Usiogope kabla ya kuzitazama. Mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na zile zilizokuwa ndani ya pete hazikuwa na njia ya kuanguka, ndiyo maana hutoka zote siku moja. Nywele iliyokufa yenyewe ina kidoa cheupe mwishoni. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kidoa hicho, basi nywele zinakatika, na hilo ndilo la kuhofia. Palipokuwa na pete huwa pamefungana kidogo, kwa hiyo pachambue kwa vidole na kitana chenye meno mapana kabla ya kuosha, kwa maana maji yakiingia kwenye fundo hilo hulikaza.

Sasa kuhusu kuweka. Nywele huoshwa kwa shampuu peke yake, bila kondishena wala mafuta karibu na ngozi, na hukaushwa kabisa, la sivyo pete zitateleza. Chagua pete zenye silikoni ndani, maana chuma kitupu husugua nywele kila unapogeuza kichwa. Fungu la nywele zako huvutwa kwa ndoano na kupitishwa ndani ya pete, ncha ya nywele ya kuongezea huingizwa humo, kisha pete hubanwa ikiwa umbali wa kama sentimita 1 kutoka kwenye ngozi. Jaribu kuiinua kwa kidole: ikiweza kuinuka na kugeuka kila upande bila ngozi kuvutika, imekaa vizuri. Kwenye paji la uso, juu ya masikio na kisogoni acha angalau sentimita 2 kutoka ukingoni mwa nywele bila pete, ili zisionekane na ili nywele zile laini zisibebeshwe mzigo.

Mzigo ndio msingi wa jambo zima. Nywele za kuongezea huuzwa kwa uzito wa nusu gramu au gramu 1 kila uzi, yaani kila kishungi kinachoingia kwenye pete moja. Pete 150 za gramu 1 ni gramu 150 zinazoning'inia kichwani usiku na mchana, ilhali za nusu gramu ni gramu 75 tu, na kwa kichwa chenye dawa sikubali kuweka zaidi ya hizo. Tena fungu la nywele zako lisiwe jembamba kuliko uzi linaoubeba.

Kuhusu mdogo wako kukuwekea nyumbani, ushauri wangu ni hapana, kwa sababu mafungu ya nyuma yanahitaji mkono uliozoea kuyagawa sawasawa.

Mama wa Nyali (Mombasa)

Mwanangu, msusi amesema kweli, nami naongeza la matunzo. Pete haziachwi kichwani zaidi ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi na pete hushuka nazo. Ikishuka huanza kujizungusha, na nywele za jirani hunasa humo. Kila usiku nazisuka mikia miwili iliyolegea na kufunga kitambaa cha satini. Sipaki mafuta karibu na pete, na nikitoka baharini nazisuuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kisha nazikausha hadi kwenye mashina, maana kwa joto la huku Pwani nywele zilizolala mbichi chini ya pete hutoa harufu. Zangu hazina dawa, kwa hiyo la dawa nawaachia wanaolijua.

Muuguzi wa Ngozi (Moshi)

Ndugu Binti wa Njiro, jambo lililonigusa zaidi katika maelezo yako ni kwamba nywele za pembeni zimekwisha kupungua. Huo unaweza kuwa mwanzo wa upara wa kuvutwa, ambao huletwa na mitindo inayokaza nywele kwa muda mrefu. Katika hatua za awali nywele hurudi iwapo mvuto utaondolewa, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, mashina hugeuka kovu na nywele haziwezi kuota tena. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake wameuchunguza upara huu kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini, na wakaonesha kwamba hatari ni kubwa zaidi pale nywele zenye dawa zinapoongezewa mvuto wa kusukwa au kushonewa. Hali yako inaangukia hapo hapo.

Sababu yake inaeleweka. Nywele mpya inapoota chini ya ile yenye dawa, panakuwa na mpaka kati ya sehemu mbili zenye nguvu tofauti, na nywele hukatika kwa urahisi mahali hapo. Pete iliyobanwa sentimita 1 kutoka kwenye ngozi hukaa karibu sana na mpaka huo. Vilevile usitie dawa ukiwa na pete kichwani, kwa sababu itanasa ndani ya pete na haitasuuzika.

Wapo watakaokuambia kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike. Katika jambo hili msemo huo umewaharibia wengi vichwa. Ukihitaji kumeza panadoli ili ulale baada ya kuwekewa nywele, au ukiona vipele vidogo kuzunguka mashina, pete hizo zitolewe siku hiyo hiyo. Kama hereni za bei nafuu hukuwasha masikio, huenda una mzio wa nikeli, na pete zenye madini hayo zitakuwasha ngozi ya kichwa pia. Na mtu yeyote mwenye pete hizi akipangiwa kipimo cha MRI, yaani kile cha picha za mwili kinachotumia sumaku yenye nguvu, awaarifu wahudumu mapema ili zitolewe kwanza.

Kabla ya yote, ningependa daktari wa ngozi akutazame pembeni mwa kichwa. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na kutoka Arusha si mbali.

Binti wa Njiro (Arusha)

Nawashukuru sana wote. Hereni za bei nafuu huniwasha, nami sikuwahi kulihusisha jambo hilo na nywele. Nitakwenda Moshi kumwona daktari. Swali langu la mwisho ni hili: kwa kuwa nazihitaji kwa sherehe moja tu, kuna njia nyingine isiyo ya pete?

Msusi wa Magomeni (Dar es Salaam)

Ipo, na kwa kichwa chako ndiyo ningeichagua: nywele za klipu. Hubandikwa asubuhi ya sherehe na hutolewa usiku kabla ya kulala, kwa hiyo mvuto wake ni wa saa chache tu. Mwambie msusi aanzie chini ya usawa wa masikio na asiweke klipu yoyote pembeni palipopungua. Kwa kuwa klipu nazo ni za chuma na umesema hereni hukuwasha, bandika moja kisogoni kwa saa kadhaa wiki mbili kabla ya sherehe, uone ngozi inasemaje.

Daktari akikuruhusu kuweka pete siku za baadaye, usianze na kichwa kizima. Omba uwekewe pete tano tu kisogoni, zenye silikoni na zisizo na nikeli, ukae nazo wiki moja, kisha mwambie msusi huyo huyo azitoe mbele ya kioo ili uone koleo lake linabana upande gani.