Kuvu ya mapafu baada ya kemo, flukonazoli haifui dafu

BintMalindi: Asalaam aleikum jamani, ami yangu ana lukemia (saratani ya damu), kemo, yaani dawa za kuua saratani, kamaliza majuzi homa haishuki, antibayotiki kapewa za kila aina wapi, sasa skani imeonyesha kuvu kwa mapafu na daktari asema flukonazoli haiwezi, yataka dawa nyingine na bei yake si mchezo. Kwani dawa ya kuvu si moja tu?

Nesi Mstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. Kuvu ni nyingi. Flukonazoli yaua aina nyingi za kuvu iitwayo kandida, lakini aspajilasi, kuvu ile ishikayo mapafu, haiigusi kabisa, na aina moja ya kandida, krusei, nayo ni sugu tangu asili. Kwa aspajilasi mara nyingi huanza na vorikonazoli, ikigoma ndo amfoterisini. Hiyo amfo hula figo na kushusha potasiamu so damu ipimwe kila mara, ile ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta) ina nafuu kwa figo ila bei wee!

MLamu: Akipewa vidonge vya vori ameze lisaa kabla ya chakula ama lisaa baadaye. Na jua la huko Malindi ajifunike, ngozi huungua upesi. Hugombana na dawa zingine kibao pia, msimpe mitishamba kisirisiri.

BintMalindi: Shukran. Akiruhusiwa nyumbani, fundi yuabomoa plasta chumba cha pili, kuna neno?

Nesi Mstaafu: Lipo tena kubwa! Vumbi hilo hubeba mbegu za aspajilasi na yeye chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maradhi, ziko chini. Fundi asimame, ama ami alale kwengine.