Beki wa kati, miaka 23, yuko Tanga: abaki Championship, aende Ligi Kuu au timu ya jeshi?

BekiTano_Makorora
Wadau, salaam. Mtoto wa mama mdogo ni beki wa kati, yuko Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mkataba unaisha msimu huu. Ana ofa tatu. Abaki alipo: anaanza kila mechi, mshahara mdogo na unachelewa. Timu ya Ligi Kuu, mwaka mmoja, pesa ya usajili nzuri, ila atakuta mabeki watatu mbele yake. Au timu ya jeshi: mshahara wa kawaida na ahadi ya ajira baadaye. Mama mdogo anataka jeshi, mwenyewe anataka Ligi Kuu. Mnaonaje?

Mgosi_wa_Duga
Ligi Kuu, asiulize mara mbili. Beki Mwamnyeto si alitoka hapahapa Tanga, Coastal Union, akaenda Yanga?

MzeeWaMkwakwani
Mgosi, hiyo umeisema nusu. Yanga walipomchukua 2020, Mwamnyeto alikuwa anaanza Coastal wiki hadi wiki, na sisi jukwaani tunamwona. Hakutolewa benchi. Straika ana njia ya mkato: fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 pale Arusha, Coastal na Yanga 3-3, straika wetu Sopu kafunga zote tatu. Tukafungwa kwa penalti, lakini dirisha hilohilo la usajili Azam wakamchukua. Mabeki wetu wa siku ile, nitajie wawili bila kutafuta. Mechi moja haimuuzi beki. Anahitaji misimu ya kucheza na kipa yuleyule, ajue mpira upi wake na upi wa mwenzake. Akisugua benchi mwaka mzima, miguu itakuwepo, macho yatakuwa yamelala.

KadiYaPili
Nimecheza daraja hilo, namba nne. Mnasafiri na basi usiku kucha, mnafika alfajiri, jioni mpo uwanjani, na uwanja wenyewe mgumu kama sakafu. Beki ndiye anayeruka na kutua kutwa nzima. Goti langu lilipokwenda, mkataba haukuwa na neno la matibabu. Timu ililipia picha ya kwanza, upasuaji tukachangishana mtaani. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mishahara, alinganishe nani ana bima. Halafu abaki na nakala ya mkataba! Wengi wetu tulisaini, karatasi ikaondoka na kiongozi. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema usipolipwa mishahara miwili, unaandika barua, unawapa siku 15, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Sasa bila nakala utadai nini?

Bint_Raskazone
Hiyo "ajira baadaye" imeandikwa wapi? Timu za majeshi zina wachezaji wa aina mbili: askari walioajiriwa, na raia wa mkataba kama klabu nyingine yoyote. Raia mkataba ukiisha anaondoka na viatu vyake. Askari akiacha mpira na miaka 33 kesho yake ana kazi. Na kuingia jeshini kuna umri wake. Cheti cha kidato cha nne anacho?

Mgosi_wa_Duga
Huko atazikwa. Nani atamwona?

Bint_Raskazone
Beki Bacca alionekana akiwa KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo Zanzibar, Yanga wakavuka bahari kumfuata 2022. Mashujaa wa Kigoma, nao timu ya jeshi, walipanda Ligi Kuu 2023 kwa mchujo, wakaitoa Mbeya City. Sema ukweli mmoja: ukishakuwa askari, kuhama si wewe na wakala tu, mkubwa wako wa kazi naye ana neno.

BekiTano_Makorora
Cheti anacho. Ila nimembana kuhusu jeshi, kumbe aliyempigia simu si kiongozi, ni mchezaji mwenzake wa zamani.

MzeeWaMkwakwani
Basi hiyo bado si ofa, ni salamu. Amtafute katibu wa timu, aulize: askari au raia? Kama ni askari na tarehe ipo, namuunga mkono mama mdogo. Kama ni raia, abaki Tanga ila wamlipe malimbikizo kabla ya kusaini upya. Hao wa Ligi Kuu awaulize kama watamtoa kwa mkopo dirisha dogo, katikati ya msimu, asipopata dakika. Wakikubali kuliandika, nageuza kauli.

KadiYaPili
Wataahidi kwa mdomo, mzee. Asisaini siku hiyohiyo.