Erastus Corning aliongoza reli bila mshahara, alikula wapi?

Swali: Wakuu, Corning wa Albany, Marekani, aliongoza kampuni ya reli ya New York Central kuanzia 1853 hadi 1864 bila mshahara. Faida aliipata wapi?

Jibu: Kwenye chuma, mkuu. Kampuni ya reli ilinunua vyuma na misumari kupitia biashara yake mwenyewe. Mgongano wa maslahi mtupu, na wenye hisa walilalamika.

Jibu: Usisahau benki, alikuwa rais wa Albany City Bank. Enzi zile benki za majimbo zilichapa noti zenyewe. Sheria ya 1864 ikabana: benki ya kitaifa (yenye leseni ya serikali kuu) iweke kwanza hatifungani za serikali, ipewe noti kwa asilimia 90 ya thamani ya hatifungani hizo, kisha rais na keshia wasaini.

Swali: Na zile noti za benki za majimbo?

Jibu: Kodi ya asilimia 10 juu ya noti hizo ilizimaliza.