Naenda Nepal kufundisha kiingereza, moyo ndo haujawa tayari, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu. Mwezi ujao naenda Nepal kujitolea kufundisha kiingereza miezi mitano, viza, tiketi, chanjo vyote tayari ila moyo bado kabisa. Sijawahi kulala nje ya Tanzania hata siku moja (pale Tarakea nilivuka mpaka wa Kenya nikanywa chai nikarudi, hiyo haihesabiki).

Kinachonisumbua sio chakula, wali na dengu asubuhi na jioni ntazoea, wala ile saa yao inayotuzidi masaa mawili na dakika 45. Ni bi mkubwa, tunaishi wawili tu, kila nikishika begi anaanza kunihadithia watu waliofia ughaibuni. Halafu nawaza wale watoto pengine wanategemea mwalimu mzungu afu anashuka mchaga wa Rombo, wakianza kunishangaa ntajikaza vipi nisiende kulia chooni? Na ikifika Dashain, ile sikukuu yao kubwa, shule zinafungwa kila mtu anaenda kwao, mi nabaki na nani?

Mliowahi kukaa mbali, zile wiki za kwanza mlivukaje? Za kutisha msilete jamani, mama ameshanijazia.